TAWI LA RELI LILILOKUFA, NA KENGELE YETU

Maneno yaliyosemwa kwa jina la wazee wa parokia, siku ya jubilei, Bel-Air, Lubumbashi



Padri wetu alituomba, sisi wazee, tuseme maneno kidogo juu ya mambo ya zamani. Tulikutana mara tatu kusudi tupatane. Kila mumoja alikuja na habari yake: mumoja ndoa yake, mwingine ubatizo wa watoto wake, mwingine taabu ya kujenga. Lakini kila mara mazungumzo yetu yalirudi pahali pamoja, kwenye njia ya reli. Basi tumekubali kusema juu ya reli. Na mwishoni mutasikia sababu yake, maana ni jambo linalotuhusu hapa, ndani ya kiwanja hiki.

Muji wetu ni mutoto wa reli. Njia ile ilianza mbali, Cape Town, kule Afrika ya Kusini. Mwaka 1905 ilivuka muto Zambezi kwa daraja la maporomoko ya Victoria. Mwaka 1909 ilifika Ndola, kiisha ikaingia inchi yetu kwa Sakania. Tarehe 27 mwezi wa tisa 1910 gari la moshi la kwanza lilifika Elisabethville, na muji wenyewe ulikuwa ungali mahema na nyumba za udongo kati ya pori. Toka hapa njia kubwa iliendelea: Kambove mwaka 1913, Bukama mwaka 1918, na Ilebo, iliyoitwa Port-Francqui, mwaka 1928.

Lakini njia kubwa ina matawi, kama muti. Tawi moja lilikwenda upande wa mashariki, ndio upande wetu, hata Kalukuluku, kama kilometa 11 toka katikati ya muji. Wazungu walipaita Étoile du Congo, maana yake Nyota ya Kongo. Tukumbuke kwamba mukuba wa inchi hii haukuvumbuliwa na wazungu. Mbele hawajafika, wazee wa Katanga walijua kuchimba mawe ya kijani, kuyayeyusha, na kufanya misalaba midogo ya mukuba iliyotumiwa kama mali katika biashara na katika mahari. Waliushika musalaba mikononi mbele ya kusikia habari ya Musalaba wa Kristu.

Tawi la Kalukuluku lilileta mawe yale kwenye tanuru la Union Minière, kando ya muto Lubumbashi. Makala ya tanuru ilitoka Wankie, katika Rodezia, kwa njia ileile ya Sakania. Tarehe 30 mwezi wa sita 1911 mukuba wa kwanza ulitiririka. Mwaka uleule 1911 Wasalesiani wa Don Bosco walifika kwa reli hii, na mwaka 1912 walifungua masomo yao. Hivi mukuba ulitoka kwa reli, na Habari Njema iliingia kwa reli.

Shimo la Kalukuluku liliachwa mwaka 1926. Tawi la reli linaishi kwa shimo lake. Shimo likinyamaza, tawi nalo linangojea lufu yake. Majani yanaota kati ya vyuma, kisha watu wanapitisha njia ya miguu, kisha wanalima muhogo, kisha wanajenga. Mutoto akizaliwa pale, hajui tena kwamba kitanda chake kimekaa pahali palipopita treni.

Tawi la pili ndilo tulilolijua zaidi kwa macho yetu. Ni lile linaloachana na njia kubwa pa Munama, kusini ya muji, na kwenda Kipushi, kwenye mupaka wa Zambia, kilometa 34. Shimo la Kipushi lilifunguliwa mwaka 1924, wakati Kalukuluku ilipokuwa ikikaribia kuisha, na mukuba wake ulichukua pahali pa ule wa kwanza katika tanuru letu. Zinki pia ilitoka kule. Wakati tulipokuwa watoto, wengi wetu tulikaa Kamalondo, Kenya au Katuba, maana tulihamia Bel-Air nyuma ya uhuru. Tuliweka sikio juu ya chuma kusudi tusikie treni mbele haijaonekana. Tulihesabu magari yake kwa sauti, na aliyekosea hesabu alibeba mizigo ya wenziwe hata nyumbani. Mama zetu hawakuwa na saa. Filimbi ya treni iliwaambia wakati wa kuweka maji ya bukari motoni.

Kazi ya shimo la Kipushi ilisimama mwaka 1993, na mwaka 2011 tawi lake nalo lilinyamaza. Mwaka 2017 mapatano yaliandikwa juu ya kulifufua, na mwaka 2024 shimo lilianza tena kutoa zinki. Basi tusiseme kwa haraka kwamba kitu fulani kimekufa kabisa. Sisi Wakristu tunapashwa kujua jambo hilo kuliko wengine.

Wapendwa, reli haikuleta chuma na makala tu. Ilileta watu. Mwaka 1910 Bourse du Travail du Katanga iliundwa kusudi ikusanye watumikaji, na watu wa makabila mengi waliletwa hapa, wengine kwa mapenzi yao, wengine kwa kulazimishwa. Wengi hawakurudi kwao, kwa sababu ya magonjwa na ya kazi nguvu. Kasai, Luapula, Maniema, Lomami: kila ginsi ya watu iliketi katika magari yale. Kiswahili hiki tunachosali nacho kilikomaa katika kambi zao, maana muluba, mubemba na musanga walitafuta luga moja ya kuombana chumvi. Parokia yetu ni matunda ya safari hizo. Tazameni viti vya leo: hakuna kabila moja peke yake.

Lakini tuseme kweli yote, maana jubilei bila kweli ni ngoma tu. Mwaka 1992 na mwaka 1993, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga. Kule Likasi na Kolwezi walilala kwenye stesheni kwa majuma na miezi, pamoja na watoto wao na wagonjwa wao, wakingoja treni. Na wengi walikufa mbele treni haijafika, wengine ndani ya magari yenyewe. Reli iliyowaleta baba zao kujenga inchi hii iliwachukua wana wao kama takataka. Siku zile wengine kati yetu walifungua mulango wao usiku. Wengine walifunga dirisha. Tunawaomba musamaha wale waliogonga bila kujibiwa. Wengine wao wamerudi, na leo wanaimba katika kwaya yetu, hawakutudai kitu.

Sasa tunafika kwenye kengele.

Wengi wenu munajua kile kipande cha reli kinachotundikwa kwenye mwembe, nyuma ya kanisa. Mbele ya kupata kengele ya kweli, kipande kile ndicho kilichotuita Misa, ndicho kilicholia wafu wetu. Mutu mumoja alipita na mukokoteni katika miaka ile ya njaa, akatuuzia kwa bei ndogo. Hatukumuuliza alikitoa wapi. Tulijua vizuri kwamba siku zile vyuma vya reli vilikatwa usiku na kuuzwa kwa uzito. Tulifurahi tu kwamba sauti yake ni nzuri. Hivi sisi tuliolalamika kwamba njia imekufa, tulinunua kidole cha maiti yake na kukitumia kwa kumuita Mungu. Tumelibeba jambo hili muda murefu, na tumeona haya. Leo tumelisema mbele yenu, na tulikuwa tumekwisha kulisema kwa Padri.

Vijana wa halmashauri wametushauri kukiondoa: kina kutu, na kengele ya umeme inatosha. Sisi tunawaomba kwa heshima: musikiondoe. Waisraeli walipovuka Yordani walisimamisha mawe kumi na mawili, kusudi watoto waulize maana yake, na wazazi wapate kujibu. Chuma hiki kikae vilevile. Mutoto akiuliza, mumujibu kwa maneno manne: kwamba baba zetu waliletwa kwa njia hii, kwamba mali ya inchi ilitoka kwa njia hii, kwamba ndugu zetu walifukuzwa kwa njia hii, na kwamba sisi wenyewe tulinunua kipande chake bila kuuliza. Akiyashika maneno hayo manne, atajua historia ya muji wake, na atajua pia kwamba wazee wake walikuwa watu wenye zambi kama yeye.

Na kuna jambo moja la mwisho. Kisha Misa hii, muzee mukubwa kuliko sisi wote, aliyetumika kwenye reli tangu ujana wake, atakipiga chuma kile mara moja tu. Tutanyamaza wote, kwa ajili ya wale waliolala kando ya njia bila musalaba na bila jina. Mungu anajua majina yao.