Elimu ni Amana



Mwezi Novemba 2009, wiki chache kabla ya mkutano wa tabianchi wa Copenhagen, zilitangazwa barua pepe zaidi ya 1,000 zilizoibwa kwa wataalamu wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza. Baadhi ya wanasiasa wa Marekani wakazidaka, wakadai kuwa kuongezeka kwa joto la dunia ni uzushi mtupu.

Kurani Tukufu, Sura Al-Hujurat aya ya 6, yatuamuru kuichunguza habari tusije tukawadhuru watu bila kujua. Uchunguzi ulipofanywa, tume ya Sir Muir Russell ilieleza mwaka 2010 kwamba uaminifu wa wataalamu wale hauna shaka; lakini iliwalaumu kwa kukosa uwazi walipoombwa takwimu zao.

Basi sisi twasema: elimu ni amana. Mwenye nayo asiifiche kwa kumwogopa mpinzani, maana usiri humfungulia mzushi mlango. Naye msikiaji asieneze asilolichunguza. Tuipime kauli kwa ushahidi, wala si kwa chama cha msemaji. Joto la dunia halipandi wala halishuki kwa kura.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuisema kweli, ijapokuwa dhidi ya nafsi zetu. Amin.