Fundi wa Njia za Umeme na Sisi Wenye Mashamba

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu, iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Katika sherehe kama hii ni desturi ya Katibu kusoma hesabu za kilo na za shilingi. Hesabu hizo mtazikuta katika kurasa nyingine za kijitabu chetu cha sherehe, zimepangwa mwaka kwa mwaka, na kila mmoja atajisomea kwa nafasi yake. Leo twaomba ruhusa yenu tuzungumze habari za mtu ambaye hana hisa katika chama chetu, hajaleta hata debe moja la kahawa ghalani, wala jina lake halimo katika daftari letu. Lakini bila kazi yake mashine zetu zingekuwa chuma kitupu. Mtu huyo ni fundi wa njia za umeme.

Wazee waliomenya kahawa kwa mashine ya mkono wanajua kwamba kahawa mbivu haina subira. Ikichumwa asubuhi, yapasa imenywe siku ile ile. Ikilala katika magunia huanza kuchacha, na kahawa iliyochacha hushuka daraja mnadani, hata kama ilitunzwa shambani kwa mwaka mzima. Siku hizi mashine ya kumenyea yazungushwa na mota ya umeme, na mota hiyo yataka fezi tatu. Fezi moja ikikatika njiani, na mota isizimwe upesi, hupata joto na kuungua. Basi jasho letu la mwaka mzima limening'inia katika nyaya zipitazo juu ya migomba yetu, nasi mara nyingi hatuzitazami mpaka giza liingie.

Nyaya hizo si za aina moja. Zile za juu, zinazotoka kituoni na kuvuka mabonde, zina msongo wa kilovolti 33 au 11, yaani volti 33,000 au 11,000. Zikifika kwenye transfoma, umeme hushushwa hadi volti 400 kwa mashine za fezi tatu, na volti 230 kwa taa na redio za nyumbani. Volti 230 zatosha kabisa kuua mtu. Hizo 33,000 hazingoji hata kuguswa: mtu akiusogeza mti mbichi au bomba la chuma karibu na waya, umeme waweza kuruka na kumkamata.

Kazi ya fundi huanza kwa miguu. Mkaguzi huifuata laini nguzo kwa nguzo, katika mvua na katika jua, akitazama juu na chini. Juu hutazama vikombe vinavyoshika waya, kama kimoja kimepasuka. Hutazama kama waya umelegea, kama tawi limeusogelea, kama ndege wamejenga kiota penye hatari. Chini hutazama shina la nguzo. Nguzo zetu nyingi ni za mikaratusi iliyotiwa dawa, lakini hata yenye dawa huweza kuoza pale inapoingia ardhini, kwa kuwa hapo maji na hewa hukutana. Mkaguzi huigonga kwa nyundo na kusikiliza. Nguzo nzima hutoa sauti kavu. Nguzo iliyooza ndani hulia kama ngoma. Kisha hutazama ule waya unaoishikilia nguzo ya pembeni ama ya mwisho isiinamishwe na uzito wa nyaya. Ndugu zetu wengine huulegeza ili wafunge mbuzi, au huukata wakitafuta waya wa kujengea banda. Wanapofanya hivyo huwa wameikata miguu ya laini nzima.

Inapofika kazi ya kutengeneza, fundi hufuata kanuni ambazo kila moja ina sababu yake. Kwanza huzima umeme pale unapotoka, akafunga kwa kufuli, akatundika kibao ili mwingine asije akawasha. Pili hupima, hata kama yeye mwenyewe ndiye aliyezima. Tatu huziunganisha nyaya na ardhi, ili umeme ukija kwa bahati mbaya upite chini, usipite kifuani mwake. Katika kufunga waya huo wa ardhini, ncha ya chini hutangulia. Katika kufungua, ncha ya chini huwa ya mwisho. Hapo ndipo hupanda. Mafundi huamini kwamba waya haujafa mpaka umepimwa na kufungwa ardhini. Yatupasa wakulima tuiamini kanuni hiyo nasi.

Ndugu wanachama, mnaikumbuka jioni moja ya msimu ambapo mashine ya chama kimoja cha msingi ilisimama huku magunia ya kahawa mbivu yamejaa uani. Tawi la mti wa kivuli lilikuwa limeangukia nyaya. Tawi hilo lilikuwa limeombwa likatwe, na mwenye mti alikataa. Mafundi walifika usiku, wakatoa fyuzi za transfoma, na kwa hesabu ya kawaida nyaya zote za upande ule zilikuwa zimekufa. Fundi alipanda ngazi akiwa na kipimo chake mkononi. Alipokigusisha kwenye waya, taa ya kipimo iliwaka.

Umeme ule haukutoka kituoni. Ulitoka katika nyumba moja ya jirani, ambako jenereta ilikuwa imewashwa na kuchomekwa moja kwa moja katika nyaya za nyumba, bila swichi ya kuutenga umeme wa nyumba na ule wa nje. Umeme ulitoka nyumbani, ukarudi barabarani, ukamngoja fundi juu ya nguzo. Fundi alishuka, akaifuata sauti ya jenereta, ikazimwa, akapima tena, akafunga nyaya zake za ardhini, akapanda mara ya pili. Kahawa ikamenywa alfajiri. Kama angeacha kupima kwa sababu ya haraka yetu, kwa maana sisi wenye kahawa ndio tuliokuwa tukimhimiza, asubuhi ile chama kingepeleka rambirambi badala ya kahawa.

Tumeyasema haya si kwa kumwaibisha mtu. Mwenye jenereta alitaka taa kwa watoto wake, wala hakujua. Lakini sasa tumejua, na mwenye kujua hana udhuru. Tena mfahamu kwamba transfoma haina mlango wa upande mmoja: hushusha umeme unaotoka juu, na vivyo hivyo yaweza kuupandisha umeme unaotoka chini. Jenereta ya nyumbani iliyounganishwa vibaya yaweza kupeleka maelfu ya volti katika waya ambao fundi aliye mbali anadhani umekufa. Neno hili lawahusu pia wenye inveta za umeme wa jua walioziunganisha na nyaya za nyumba. Dawa yake ni swichi ya kubadilishia, ambayo mafundi huiita chenji-ova, ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Swichi hiyo huruhusu nyumba kupata umeme wa upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na uhai wa mtu.

Jambo la pili ni waya ulioanguka. Wengi hudhani kwamba waya ukilala chini bila kutoa cheche umekufa. Si kweli. Ukiangukia udongo mkavu, umeme unaopita ardhini waweza kuwa mdogo kiasi kwamba swichi ya kituoni isikatike; na hata ikikatika, huenda ikajirudisha yenyewe baada ya muda mfupi. Udongo ulio karibu na waya huo nao una umeme, mwingi penye waya na mchache kadiri uendavyo mbali, hivyo mtu akipiga hatua ndefu umeme huweza kupanda mguu mmoja na kushukia mwingine. Aliyejikuta karibu nao aibane miguu yake pamoja, aondoke kwa kuburura nyayo pole pole. Aliye mbali abaki mbali, azuie watoto na ng'ombe, apige simu TANESCO. Asithubutu mtu kuusogeza kwa fito wala kwa jembe. Na akiangukiwa mwenzetu, tusimshike mpaka umeme umezimwa, maana wengi wamekufa katika kumwokoa aliyekwisha kushikwa.

Jambo la tatu ni miti, na hapa twajua maneno ni mengi. Mti wa mkulima ni mali: ni kivuli cha kahawa, ni mbao, ni ada ya shule. Ni haki ya mwenye shamba kuarifiwa kabla ya panga kuingia, na kuonyeshwa lipi litakalokatwa. Chama kitasimama kati katika mazungumzo hayo. Lakini yatupasa nasi tukubali kwamba mti mbichi una maji, na maji hupitisha umeme. Tawi linalogusa waya siku ya upepo hukata umeme wa vijiji kadhaa, na mtoto aliyepanda mparachichi huo hana habari. Basi mti mrefu na upandwe mbali na laini, kwa umbali usiopungua urefu utakaoufikia ukikomaa. Chini ya laini tupande mikahawa, maharage na mboga. Wenye mabomba marefu ya kumwagilia wasiyasimamishe chini ya nyaya, wala wachumaji wa maparachichi wasiinue upondo wa chuma hapo.

La nne ni wizi. Wako watu wanaochota mafuta ya transfoma na kuyauza, na wengine hukata waya wa shaba unaoshuka ardhini. Mafuta yale ndiyo yanayopoza na kukinga mizunguko ya waya ndani ya transfoma. Yakipungua, transfoma huungua, na kijiji kizima huingia gizani. Waya wa shaba ukikatwa, kinga ya radi na ya watu imeondoka. Mwizi huyo hapiti usiku bila kuonwa na mtu. Ameonwa, na sisi tumenyamaza.

Huenda yuko atakayeuliza: ushirika na umeme vina undugu gani? Vina undugu wa damu. Marekani, katikati ya miaka ya 1930, ni shamba moja tu katika kila mashamba kumi au karibu na hapo lililokuwa na umeme, kwa kuwa makampuni hayakuona faida ya kupeleka nyaya kwa wakulima. Mwaka 1935 Rais Franklin Roosevelt aliunda idara ya umeme vijijini, na mwaka 1936 ikatungwa sheria ya kutoa mikopo. Wakulima wakaungana katika vyama vya ushirika, wakakopa, wakasimamisha nguzo wenyewe. Na hata leo viko vyama vya namna hiyo zaidi ya 800 nchini humo, vyenye mafundi wao. Nasi hapa Tanzania, katika miaka ya 1990, wakazi wa Urambo mkoani Tabora waliunda ushirika wa watumiaji wa umeme wakaendesha jenereta za dizeli kwa ajili ya mji wao, kabla Wakala wa Nishati Vijijini haujaanza kazi yake mwaka 2007. Watu wale walijifunza kwamba laini iliyo mali ya watu hulindwa na watu. Yetu si mali ya chama, ni kweli. Lakini hasara yake ni yetu, na vifo vyake ni vyetu.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, katika mwaka huu wa kumi twaleta mapendekezo manne mbele ya Mkutano. Kwanza, kila chama cha msingi kichague watu wawili watakaoitembelea laini mara moja kwa mwezi, kwa macho tu, bila kugusa kitu, na kuandika nguzo iliyoinama, kikombe kilichopasuka au tawi lililosogea. Katibu wa chama apeleke habari hiyo kwa wenye laini kwa maandishi. Pili, mwanachama yeyote mwenye jenereta au inveta afunge swichi ya kubadilishia kabla ya msimu ujao, na chama kimkopeshe asiye na uwezo, akatwe katika malipo ya kahawa. Tatu, fundi akifika usiku, asihimizwe na mtu awaye yote. Apewe taa, apewe chai, aachwe afuate kanuni zake hata kama kahawa yangoja. Nne, walimu waombwe kuwafundisha watoto habari ya waya ulioanguka kabla ya kila masika.

Tungependa pia vijana wetu, wa kiume na wa kike, waifikirie kazi hii. Vyuo vya VETA hufundisha umeme, na mtu mwenye moyo wa kufuata kanuni hata pasipo msimamizi atafaa. Si kazi ya mbabe. Mbabe hupanda bila kupima.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Miaka kumi iliyopita tuliungana ili mnunuzi mmoja asitupunje katika mizani. Katika miaka kumi ijayo na tuungane pia ili aliyepanda nguzoni kwa ajili yetu ashuke salama, arudi kwa watu wake.

 Idumu ushirika wetu.