Betri Iliyo Miguu ya Mtu

Nataka tuzungumze kidogo juu ya betri. Najua yuko mtu atakayecheka na kusema, haya ni mambo ya fundi. Lakini ngojeni kwanza, maana betri ninayoitaja ni miguu ya mtu.

Wengi wenu mna binti au kijana aliye Uingereza, akifanya kazi ya kuwatunza wazee. Watu wetu walikuwa wakienda huko tangu zamani, na mwezi wa Julai 2021 serikali hizi mbili zikatiliana mkataba juu ya wahudumu wa afya. Basi watoto hao wanakijua kile kigari cha umeme chenye kiti kimoja, ambacho mzee asiyeweza kutembea mbali hukipanda kwenda dukani. Hukiita skuta. Sheria ya huko yaruhusu kile kidogo kwenda maili 4 kwa saa penye njia ya watu wa miguu, yaani mwendo wa mtu aliye na haraka kidogo. Kile kikubwa huweza kwenda maili 8 barabarani.

Tena Waingereza wapenda sana kusafiri kwa gari lenye kitanda na jiko ndani, liitwalo kempavani. Mzee na mkewe wakisha kustaafu, hutia skuta ndani au nyuma ya gari, wakaenda zao. Na binti yenu huenda akaombwa kufuatana nao. Hapo ndipo swali linapozuka: skuta itachajiwa wapi?

Wakilala katika kambi yenye umeme hakuna shida kubwa. Hupewa soketi ya volti 230, kwa kawaida ya ampea 10 au 16. Hata hiyo ya ampea 10 hutoa wati 2300, na chaja ya skuta ndogo haifiki hata wati 200. Lakini umeme ukikatika ghafula, mara nyingi skuta ndiyo hulaumiwa kwanza! Kumbe ni birika la nyumbani la wati 3000 lililowashwa kwa ajili ya chai. Birika hilo na liachwe nyumbani.

Shida huanza mahali pasipo soketi. Iko njia moja mashuhuri kaskazini mwa Uskoti, iliyofunguliwa kwa watalii mwaka 2015, ambayo huanza Inverness na kuzunguka pwani maili 516 mpaka kurudi pale pale. Wengi huipita wakilala kando ya bahari, mbali na kambi. Hapo gari hutegemea betri yake ya ndani, ile inayowasha taa na friji.

Sasa tuhesabu pamoja. Skuta ndogo ya kukunjwa mara nyingi ina betri mbili za volti 12, ampea-saa 12 kila moja, zilizounganishwa ziwe volti 24. Zidisha 24 kwa 12, upate wati-saa 288. Lakini umeme hupotea njiani, kwa sababu inveta hugeuza volti 12 za gari kuwa 230, kisha chaja hugeuza tena kuwa 24. Kwa hiyo weka 400, usidanganyike na 288. Betri ya gari ya risasi ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1200, lakini ukitaka iishi miaka mingi usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Toa 400, zimebaki 200. Je, friji itakula nini? Nayo peke yake huweza kumaliza 400 kwa siku moja. Na skuta kubwa yenye betri za ampea-saa 50 yataka wati-saa 1200 hata kabla ya hasara ya njiani, kwa hiyo betri moja kama hiyo haiiwezi kabisa.

Hapa, ndugu zangu, nina neno. Katika magari mengi hesabu huanza na friji, ikaja taa, ikaja simu na televisheni, ndipo mtu akakumbuka skuta na kuipa mabaki. Asubuhi mume ashuka kuitazama bahari, mke akakaa dirishani akimngoja amweleze alivyoiona. Hatamlaumu, atasema tu kwamba amechoka leo. Mimi naona hesabu yafaa ianze na skuta. Maziwa yakichacha yatanunuliwa mengine, na maji yatachemka kwa gesi.

Je, umeme wa kuongeza watoka wapi? Kwanza, kwenye injini. Gari likienda, alteneta huchaji betri ya ndani, na chombo cha ampea 30 kilichowekwa kwa kazi hiyo huingiza karibu wati 400. Saa mbili za mwendo zitarudisha kilichotumiwa na skuta ndogo, hata na zaidi. Lakini kiasi ni jambo moja na muda ni jambo jingine. Chaja ya ampea 2 yataka saa 6 hata 8 kuijaza betri ya ampea-saa 12, na hakuna mwendo wa dereva utakaoiharakisha. Kwa hiyo skuta ichomekwe tangu gari linapoondoka, ikiwa imefungwa imara, iendelee mahali pa kupumzika.

Pili, jua. Paneli moja ya wati 100 husaidia sana mwezi wa Juni, ambapo kaskazini mwa Uskoti mchana huwa wa saa 18 hivi. Mwezi wa Desemba mchana haufiki saa 7, na jua lenyewe hupita chini chini, usilitegemee.

Wengine huuliza, kwa nini tusiunganishe waya moja kwa moja kutoka betri ya gari? Hapana. Volti 12 haziwezi kujaza betri ya volti 24. Ziko chaja maalumu za kupandisha volti, lakini ni lazima ziwe za aina ile ile ya betri. Chaja ya betri ya risasi isitiwe kwenye betri ya lithiamu, wala ya lithiamu kwenye ya risasi.

Na moto je? Vikosi vya zima moto vya Uingereza huonya watu wasichaji skuta wakiwa wamelala, wala wasiichaji penye njia ya kutokea. Ndani ya kempavani mlango ni mmoja au miwili, na yule mwenye skuta ndiye atakayechelewa kuliko wote kutoka. Kwa hiyo, mkifika kambini saa tisa alasiri, chomekeni skuta kabla ya kuweka viti nje, ili saa tano usiku iwe imekwisha kutolewa. Chaja isifunikwe kwa nguo, na dirisha moja liachwe wazi kidogo.

Jambo dogo la mwisho. Betri za skuta nyingi ndogo huchomolewa, lakini zile za risasi zikiwa pamoja hufika kilo 8 na zaidi. Mama mwenye mikono dhaifu hawezi kuziinua. Basi kabla ya safari, binti na akae naye, watafute mahali pa soketi ambapo mama mwenyewe akiwa kitini aweza kufikia plagi kwa mkono wake na kuiona taa ya chaja ikigeuka kijani, asiwe mtu wa kuomba kila jioni.

Haya, kwaherini. Tutakutana tena juma lijalo saa hii hii.