Waya Mrefu, Joto Kali: Hesabu ya Umeme Uwanjani Juba

Leo tunazungumza na mafundi umeme, wanafunzi wa vyuo vya ufundi na wote wanaosimamia majengo makubwa. Tafuta kalamu na karatasi, tupige hesabu pamoja.

Twende Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba, Sudan Kusini. Jengo lake jipya la abiria lilifunguliwa mwaka 2018, na njia yake ya kurukia ndege ina urefu wa takriban kilomita 3. Novemba 2019, mtambo wa megawati 33 ulizinduliwa mjini Juba, baada ya miaka mingi ya watu kutegemea jenereta zao wenyewe. Lakini umeme ukishazalishwa, bado una safari. Uwanjani safari hiyo ni ndefu, na Juba ina joto: Februari na Machi, mchana hufika nyuzi 38. Umbali na joto ndivyo vinavyompima fundi.

Kila waya tuulize maswali mawili. Je, utafikisha volti za kutosha? Je, utabeba mkondo bila kuungua? Ukijibu moja na kuliacha la pili, kazi haijakamilika.

Tuanze na volti. Tuseme tunapeleka umeme kwenye taa za maegesho, mita 100 kutoka kwenye bodi ya umeme. Volti ni 230, mkondo ni ampea 20, na waya ni wa shaba wa milimita 4 za mraba. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo urefu wa kuhesabu ni mita 200. Shika namba hii: 0.0172. Ndiyo ukinzani wa shaba, kwa omu, kwa kila mita ya waya wa milimita 1 ya mraba, kwenye nyuzi 20. Zidisha kwa 200, gawanya kwa 4, unapata omu 0.86. Zidisha kwa ampea 20: volti 17.2 zimepotea njiani. Hiyo ni asilimia 7.5. Viwango vya kimataifa vinapendekeza taa zisipoteze zaidi ya asilimia 3, yaani volti 6.9, na matumizi mengine asilimia 5.

Tuongeze unene. Waya wa milimita 10 za mraba unapoteza volti 6.88. Umepita, lakini kwa wembamba wa unywele. Sasa leta joto la Juba. Ukinzani wa shaba hupanda karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja. Waya ukiwa na nyuzi 40 tu, hasara inafika volti 7.4. Umefeli. Chukua waya wa 16: hata ukipata moto hadi nyuzi 70, hasara ni volti 5 na kidogo. Huo ndio waya wa kazi hii.

Swali la pili ni mzigo. Turudi kwenye waya wetu wa kwanza, ule wa 4: ukiwa ndani ya bomba ukutani, hubeba takriban ampea 30 mahali penye nyuzi 30. Penye nyuzi 40, zidisha kwa 0.87: zinabaki 26. Ukisongamanisha saketi 3 katika bomba moja, zidisha tena kwa 0.7: zinabaki 18. Mzigo wetu ni ampea 20! Na hapa ndipo pa hatari: breka ya ampea 25 haitakata umeme. Ganda la plastiki litakauka taratibu, litapasuka, na siku moja moto utawaka mahali ambapo hakuna aliyeona dalili.

Umbali ukizidi, kunenepesha waya kunakuwa ghali. Ndipo umeme husafirishwa kwa volti 11,000 hadi kwenye transfoma iliyo karibu na mzigo. Volti zikipanda, nguvu ileile huhitaji mkondo mdogo, na hasara hupungua.

Taa za njia za kurukia ndege zina ufumbuzi wao. Katika viwanja vingi duniani huungwa kwa mfululizo, na mtambo maalumu hushikilia mkondo usibadilike, kwa kawaida ampea 6.6 kwa mwanga kamili. Taa ya kwanza na ya mwisho hupata mkondo uleule, zikawaka sawa. Kila taa ina transfoma yake ndogo, hivyo moja ikiungua nyingine haziathiriki. Rubani anayetua usiku anategemea usawa huo.

Kwa hiyo, fundi, kabla mtaro haujachimbwa, pima urefu wa kwenda na kurudi, uliza joto la mahali, hesabu saketi zilizomo bombani, kisha nunua waya. Andika hesabu hiyo na uiache kwenye bodi ya umeme, ili atakayeongeza mzigo baada yako ajue mwisho ni wapi.