Baba Aliyevuka Asubuhi

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Likoni



Tumekutana kumkumbuka mtu mmoja ambaye ni wengi. Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe iliondoka upande wetu huu kwenda kisiwani. Ilitengenezwa kuchukua watu 300. Siku ile ilichukua wapata 400. Haikufika mbali. Ilipinduka kiasi cha mita 40 tu kutoka gatini, na watu 272 wakafa. Wengi wao walikuwa wakienda kazini.

Majina yao tunawaachia jamaa zao. Sisi tutasema habari za maisha yao, maana ndiyo maisha yetu.

Mume huyo twamjua sote. Aliamka kabla ya kupambazuka, akatoka polepole asiwaamshe watoto. Pesa za mboga aliziacha chini ya kikombe. Mshahara ukitoka, alipita kwanza dukani kulipa deni, kisha akanunua madaftari, na kilichobaki akamkabidhi mkewe kwa hesabu. Shati lake la sikukuu lilikuwa lile lile kila mwaka. La mwanawe lilikuwa jipya. Hakuna aliyemwita shujaa, wala hakupata kusimama mbele ya mkutano kama huu. Lakini nyumba ilisimama kwa sababu yake.

Tusiwasahau waliobaki. Jioni ile chakula kilipakuliwa kikapoa. Mama akawa ndiye baba pia. Mtoto aliyekuwa mgongoni mwaka ule sasa amepita miaka 30, na huenda naye avuka kila asubuhi kwenda kutafuta riziki.

Basi, ndugu zetu, kumbukumbu bila kazi ni maneno matupu. Tuna mambo matatu.

La kwanza: feri ikijaa, tungoje nyingine. Twajua kwa nini watu husukumana. Kibarua akichelewa huambiwa nafasi imekwisha, na mwenye mshahara hukatwa. Kwa hiyo chama na kisimame na mwenzetu aliyechelewa kwa kuokoa roho yake, nasi tulitake jambo hilo kwa waajiri kwa sauti moja.

La pili: tuijue sheria. Sheria ya mwaka 2007 ya malipo ya wanaoumia kazini yaihesabu safari ya kwenda kazini kuwa ni kazi pale mfanya kazi anapochukuliwa bure katika gari la mwajiri lililowekwa kwa ajili hiyo. Anayevuka kwa feri ya watu wote hakutajwa hapo. Hilo ni pengo, na kuliziba ni kazi yetu sote.

La tatu: tupange karatasi zetu. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi ya NSSF na majina ya warithi, vyote viwe mahali pamoja, na mke apajue. Wako wanaume wanaoona haya kusema habari za kifo nyumbani. Kumpenda mke ni pamoja na kumwepusha na mlango wa ofisi, akiambiwa rudi kesho, rudi kesho.

Mume mwema hujulikana akiwapo. Baba mwema hujulikana hata akiwa hayupo.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote, nasi atuvushe salama.