Mtu si Jiwe la Mizani: Usalama wa Trekta ya Kuinua Mizigo

(Mazungumzo yetu na vikundi vya kujisaidia vya Kianda, Kibera)



Wengi wenu, au vijana wenu, hutoka hapa alfajiri kutafuta kibarua. Wengine huenda Industrial Area kwa miguu, wengine kwenye mijengo. Huko mnaweza kukuta trekta yenye mikono miwili mbele, na kwenye mikono hiyo kumefungwa vyuma viwili virefu kama uma. Uma huingia chini ya paleti, yaani kile kitanda kifupi cha mbao kinachopangiwa mzigo, kisha huinua. Kazi ya watu kumi inaisha mara moja. Lakini trekta hiyo hiyo inaweza kuua.

Ninyi mnaoujua mkokoteni mnalijua jambo hili tayari. Ukipakia mzigo wote nyuma ya ekseli, vipini vinapanda juu na wewe unaning'inia, si ndiyo? Trekta nayo ni vivyo hivyo, ila mzigo wake uko mbele. Ukizidi, magurudumu ya nyuma yanakuwa mepesi, hata yanaacha ardhi. Na kwa trekta nyingi, breki ziko kwenye magurudumu hayo ya nyuma. Sasa itasimama na nini?

Uma unahitaji uangalifu kuliko ndoo ya kuzolea mchanga, kwa sababu unapeleka mzigo mbele zaidi. Trekta inayoweza kuinua tani moja karibu na mikono yake huenda isiweze kuinua tani hiyo hiyo kwenye ncha ya uma. Tufanye hesabu. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Mifuko 20 ni kilo 1,000, yaani tani moja. Mifuko 40 ni tani mbili. Tenki la lita 1,000 likijaa maji ni tani moja, kabla hujapima tenki lenyewe. Uma na paleti pia vina uzito. Kwa hivyo dereva asome kibao cha mashine, asikisie.

Dawa yake ni uzito wa chuma au zege unaofungwa nyuma ya trekta. Hapa tunaomba msikilize sana. Ikiwa chuma hakuna, na vibarua wawili watatu wanaambiwa, "Pandeni hapo nyuma mkae," msipande. Mtu si jiwe la mizani. Trekta ikiruka, anayekaa nyuma anaweza kutupwa chini ya gurudumu.

Mambo mengine ya kushika ni haya:

1. Usipande juu ya uma wala paleti, hata kama ni kufunga taa dakika moja tu.

2. Usipite chini ya mikono iliyoinuliwa. Paipu ya oili ikipasuka, mzigo hushuka bila kubisha hodi.

3. Meno ya uma yatanuliwe kadiri paleti inavyoruhusu, yafungwe kwa pini, na yaingie mpaka mwisho. Paleti yenye mbao zilizovunjika iachwe. Mzigo ufungwe, uma uinamishwe nyuma kidogo.

4. Mzigo ubebwe chini, karibu na ardhi, na trekta iende polepole. Ukiinuliwa juu sana, uma wa trekta nyingi hulalia nyuma, na mfuko unaweza kumteremkia dereva kichwani.

5. Penye mteremko, mzigo uwe upande wa juu: kupanda ni kwa kwenda mbele, kushuka ni kinyumenyume. Msikate mteremko kwa ubavu.

6. Mtu mmoja tu aonyeshe ishara, mahali dereva anapomwona. Aangalie pia nyaya za stima. Watoto na mama wauza chakula wakae mbali.

7. Kazi ikiisha, uma ushushwe mpaka ardhini na injini izimwe.

Mtatuambia: "Ni rahisi kusema nikatae, na pale langoni kuna watu hamsini wanaongojea nafasi yangu." Ni kweli. Ndiyo maana tunazungumza na vikundi. Mmoja akikataa, anafukuzwa. Wote wakikataa, chuma kitatafutwa.

Sheria pia iko. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha pale kabla hatari haijaondolewa. Sheria ya fidia kwa walioumia kazini, nayo ya 2007, inamtwika mwajiri mzigo wa fidia. Akishapewa habari ya ajali, ana siku 7 kuiripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Kwa hivyo mpeni habari mara moja, mkiwa na mashahidi, na katibu aandike tarehe, mahali, na jina la mwenye kazi.

Hapa kwetu mtu akiumia tunafanya harambee, na pesa za chama zinakwisha. Tusaidiane, ndiyo, lakini tusilipe deni la mwingine huku yeye akiendelea na mjengo wake.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

– Ni nani kati yetu anafanya kazi karibu na mashine za kuinua? Ameona hatari gani?

– Mwenzetu akifukuzwa kwa kukataa hatari, kikundi kitamshika mkono vipi?

– Nani atatunza daftari la ajali?