Kutoka Wembe hadi Hatimiliki: Vizazi Vitatu vya Wanawake wa Meru na Embu



Mwanamke wa huku kwetu huelezwa kana kwamba ana njia mbili tu: atii mila, au aiasi ndipo awe huru. Historia ya Meru na Embu haikubali mgawanyo huo. Wanawake wamekuwa wakijiamulia mambo wakiwa ndani ya ukoo. Kinachowakwamisha leo ni ardhi.

1. Kizazi cha nyanya

Mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, wazee wa Njuri Ncheke, baraza la jadi la Wameru, wakiungwa mkono na serikali ya kikoloni, walipiga marufuku tohara ya wasichana wilayani Meru. Wasichana walichukua wembe wakakatana wenyewe. Wakajulikana kama Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Kufikia 1959, watu zaidi ya 2,400 walikuwa wameshtakiwa kwa kukiuka marufuku hiyo. Tendo lenyewe lilidhuru, wala hatulitetei. Lakini tutazame nani aliamuru na nani aliasi: wanaume waliamua juu ya miili ya wasichana bila kuwauliza, na wasichana wakaitetea mila kwa kuwakaidi walinzi wake.

2. Kizazi cha mama

Mwaka 1996 huko Gatunga, Tharaka, shirika la Maendeleo ya Wanawake likishirikiana na shirika la afya la PATH liliandaa sherehe ya kwanza ya Ntanira na Mugambo, tohara ya maneno. Wasichana walikaa faraghani, wakafundwa, wakatolewa kwa ngoma na zawadi bila kukatwa. Safari hii akina mama na mabinti walishirikishwa. Unyago ulibaki, wembe ukaachwa. Sheria ya kukataza ukeketaji ilifuata mwaka 2011.

3. Kizazi cha binti

Kwa kizazi hiki swali ni ardhi. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Julai 1981, haibagui kati ya mtoto wa kike na wa kiume. Iliacha nje mashamba na mifugo ya wilaya kadhaa, ikiwemo jirani yetu Isiolo, lakini si Meru wala Embu. Kwa hiyo mashamba yetu ya kahawa, chai na miraa yamo. Katiba ya 2010, kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia katika mila za ardhi uondolewe. Kwenye siasa nako, mwaka 2022 kaunti zote mbili zilichagua magavana wanawake: Kawira Mwangaza Meru na Cecily Mbarire Embu.

Nyumbani mambo ni mengine. Kesi ya mirathi huanza na barua ya chifu inayotaja warithi, na mara nyingi binti aliyeolewa hatajwi. Kwao anaambiwa ana kwake. Kwa mumewe anaambiwa shamba ni la ukoo. Sheria inataka watoto wote watajwe, na mahakama inaweza kufuta hati ya usimamizi wa mirathi iliyopatikana kwa kuficha warithi. Hata hivyo, wengi hawaendi mahakamani. Ndoa ikivunjika, binti hurudi kwa kaka. Atamshtakije mtu ambaye kesho atamwomba hifadhi?

4. Mapendekezo

Suluhisho lianze mzazi akiwa hai.

(a) Wazazi waandike wasia. Wengi hutegemea maneno ya mzee mbele ya familia, lakini kisheria wasia wa mdomo unahitaji mashahidi wawili, na kwa kawaida hauna nguvu aliyeutamka asipofariki ndani ya miezi mitatu.

(b) Machifu wasitoe barua kabla ya kuuliza jina la kila mtoto, aliyeolewa na asiyeolewa.

(c) Njuri Ncheke na wazee wa koo za Embu watamke hadharani kwamba binti ni mrithi. Baraza lililoweza kutoa amri mwaka 1956 bila kuwauliza wasichana linaweza leo kutoa nyingine baada ya kuwasikiliza.

Kila mzazi aliye hapa mwenye shamba na asiye na wasia, naomba auandike kabla mwaka huu haujaisha, na majina ya mabinti zake yawemo.